Wavu wa Gaudensi na Ubao wa Kwanza

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, barabara ya Itambo ilipokuwa bado ikikatika kila masika, palikuwa na mpasua mbao jina lake Gaudensi. Mnaonisikiliza, sogeeni karibu. Mwishoni nitawauliza neno moja, na aliyesinzia hatakuwa na la kujibu.

Gaudensi hakupasua mbao peke yake. Msumeno wa kupasulia gogo una mipini miwili, nao unataka watu wawili. Gogo hulazwa juu ya jukwaa la miti. Mmoja husimama juu ya gogo, mwenzake husimama chini yake. Wa juu anavuta, wa chini anaachia. Wa chini anavuta, wa juu anaachia. Ndiyo kazi, tangu umande mpaka jua linapoegama.

Gaudensi alikuwa wa juu. Wa chini alikuwa Lukelo, rafiki yake tangu darasa la pili. Miaka tisa walipasua pamoja. Lukelo alikula unga wa mbao mpaka nyusi zake zikawa za manjano, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa haina mlango, ina gunia limening'inizwa. Watu walimcheka. Walisema mpasua mbao asiye na mlango ni kama mpishi anayelala njaa. Naye alijibu kwamba mwizi akija atacheka kwanza, na kicheko hicho kitamwamsha mwenye nyumba.

Sasa shikeni jambo hili moja, maana hadithi yote inaning'inia hapo. Wapasua mbao wa Itambo walikuwa na desturi yao. Mpasuaji akiugua mpaka akashindwa kazi, kisha akapona, ubao wa kwanza anaoupasua hauuzwi. Haukatwi vipande vya kugawana. Haukai nyumbani kwake. Anampa mtu mmoja, yule aliyemsimamisha tena. Na mpaka ubao wa kwanza upate mwenyewe, ubao wa pili hauondoki jukwaani. Kumpa asiyestahili, walisema, ni sawa na kutangaza kwamba hukupona.

Basi, mwaka mmoja mwishoni mwa kiangazi, Gaudensi aliota kivimbe juu kidogo ya kitovu. Mwanzoni kilikuwa kama yai la njiwa. Akilala kinaingia, akikohoa kinatoka. Mke wake, Rustika, alikiona siku anamwagia maji ya kuoga, akamuuliza ni nini. Gaudensi akasema ni gesi ya maharage. Lukelo naye alipokiona alimwambia rafiki yake kwamba anaota kitovu cha pili, na kwamba akijifungua amwite mtoto kwa jina lake.

Lakini yai la njiwa likawa yai la kuku, na yai la kuku likawa ngumi. Rustika akafunga kanga kiunoni, akamtoa mumewe jukwaani mbele ya watu, wakatembea nusu siku mpaka hospitali ndogo ya kata.

Hospitali ile ilikuwa na tabibu mmoja, Nyagawa, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Watu walimwita daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Alimlaza Gaudensi, akambonyeza, akamwambia akohoe. Kisha akawaeleza wote wawili, mume na mke, bila haraka.

Aliwaambia hiyo ni ngiri. Ukuta wa tumbo umepata tundu, na utumbo unachungulia. Tundu kama hilo ukilivuta kwa uzi mtupu, kingo zake hukazwa sana, na siku mtu anapokohoa au kubeba kitu, uzi unaikata nyama. Kwa hiyo hutandikwa wavu. Wavu wenyewe ni wa nyuzi nyembamba za plastiki zilizofumwa, wenye matundu madogo madogo. Kazi ya yale matundu ni kupitisha nyama. Nyama huota ikapenya humo, kama majani yanavyopenya uzio, mpaka uzio na majani havitenganishiki tena. Lakini majani hayaoti kwa siku moja. Akamwambia Gaudensi akae miezi mitatu bila kugusa msumeno.

Gaudensi akaitikia. Kila mtu huitikia.

Siku hiyo tabibu alikuwa na kipande kimoja tu cha wavu, na wagonjwa wa ngiri walikuwa wawili. Wa pili alikuwa bibi mmoja mbeba kuni, ambaye ngiri yake ilikuwa imeanza kumuuma hata akiwa amekaa. Nyagawa alikaa barazani kwenye mwanga, kile kipande mapajani, mkasi mkononi. Akakigeuza mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akakikata katikati, nusu ya bibi, nusu ya Gaudensi, akavifunga kwenye vitambaa ili viingie kwenye mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu.

Pale barazani, chini sakafuni, alikuwa amekaa mwanamke mmoja anafuma sweta. Jina lake Eusebia. Alikuwa akimuuguza mama yake aliyevunjika mguu, na kwa kuwa baridi ya Itambo haina likizo, alikuwa akifuma masweta ya kijani ya watoto wa shule huku akisubiri mguu wa mama uunge. Alikaa sakafuni kwa sababu hospitali haikuwa na benchi la wauguzaji. Eusebia aliuangalia ule wavu ulivyokatwa, akaona jambo. Akainamisha kichwa, akaendelea kufuma.

Gaudensi akapasuliwa, akashonwa, akarudi nyumbani. Bibi mbeba kuni akapasuliwa, akashonwa, akarudi nyumbani.

Wiki ya kwanza Gaudensi alilala. Wiki ya pili alikaa mlangoni. Wiki ya tatu Lukelo alikuja kumwona, amebeba mkungu wa ndizi na habari. Kijiji cha pili kilikuwa kinaezeka shule, kinataka mbao, na kisipozipata kabla ya mvua kitawaita wapasuaji wengine. Lukelo alisema hamlazimishi mtu. Halafu akauangalia mkeka aliolalia mwenzake, akasema:

"Mzazi wa mapacha angekuwa ameshatoka nje, bwana."

Rustika alisikia akiwa jikoni. Akasema, "Shemeji, hayo maneno yabebe urudi nayo."

Lukelo akacheka, Gaudensi akacheka. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na halikutoka. Wiki ya tano Gaudensi alipanda juu ya gogo.

Wa juu anavuta, wa chini anaachia. Wa chini anavuta, wa juu anaachia. Asubuhi ilipita salama. Mchana, walipofika kwenye fundo la mti, msumeno ulikwama. Gaudensi aliinama mpaka chini, akashika mpini, akajinyoosha kwa nguvu zake zote. Lukelo, aliyekuwa chini, alisema baadaye kwamba alisikia sauti kama ya mshono wa suruali. Kisha mpini ukaachiwa, na Gaudensi akashuka kutoka juu ya gogo amekunjamana, mikono imeshika tumbo.

Kivimbe kilirudi, na safari hii hakikuingia alipolala. Kilikuwa kigumu, chenye moto. Gaudensi akaanza kutapika.

Lukelo hakungoja mtu. Aling'oa miti miwili ya jukwaa, akalifunga gunia la mlango wake katikati, akawaita vijana wanne, wakambeba. Mvua ilikuwa imeanza, barabara imekatika mtoni, wakavuka na maji ya kiuno. Lukelo hakubadilishana na mtu kwenye mpini wa mbele wa machela. Rustika alitembea kando, mkono wake kwenye paji la mume, na hakumwambia Lukelo neno hata moja. Kimya kile, Lukelo alisema, kilikuwa kizito kuliko machela.

Tabibu Nyagawa alipomwona alijua. Utumbo ulikuwa umebanwa kwenye tundu, na utumbo uliobanwa hauna subira. Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya mto mwingine, mkubwa zaidi, na gari lisingevuka. Akamwambia Rustika ukweli: wakingoja barabara, mume wake atakufa; yeye akimpasua hapa, anaweza kufa na anaweza kupona. Rustika akamuuliza yeye angefanya nini kama mgonjwa angekuwa kaka yake. Nyagawa akasema angempasua sasa hivi. Rustika akasema basi mpasue kaka yako.

Wavu mpya ulikuwa umefika mwezi ule, kipande kimoja, na safari hii mgonjwa alikuwa mmoja. Mtungi wa mvuke ulipokuwa ukipata moto, Nyagawa alitoka barazani kwenye mwanga, akakaa, kipande mapajani, mkasi mkononi. Na pale chini sakafuni alikuwepo yule yule Eusebia, maana mguu wa mama yake ulikuwa bado kuunga.

Nyagawa akaufungua mkasi. Eusebia akaiacha sindano.

Alisema, "Daktari, samahani. Mimi sijui habari za matumbo."

Nyagawa akamwangalia.

"Lakini hicho ni kitu cha kufuma," Eusebia akasema. "Kitu cha kufuma kina upande mlegevu na upande mgumu. Kivute hivi."

Nyagawa akakivuta hivi, kikanyooka. Akakivuta vile, kikakataa.

Eusebia akasema kwamba yeye anafuma masweta, na kosa la mfumaji mwanagenzi ni kuligeuza sweta, upande mlegevu ukakaa pembeni. Linapendeza likiwa limekunjwa. Lakini mtoto akinyoosha mikono darasani kujibu swali, sweta haliendi naye, linapanda kiunoni, na mshono wa kwapani unafumuka. Akauliza, kwa sauti ya chini sana, huyu mgonjwa kazi yake ni ipi.

"Anapasua mbao. Ni wa juu."

"Basi kutwa anainama na kujinyoosha. Tumbo lake linavutika kwenda juu na chini kuliko linavyovutika kwenda pembeni. Ule upande unaokubali ungeelekea kifuani, daktari. Ule unaokataa ungekaa kiunoni kama mshipi. Na sweta likifuliwa mara ya kwanza hupungua. Sijui kama na hicho hupungua."

Nyagawa akasema ndiyo, wavu ukishaota nyama hupungua. Mkasi ulikuwa bado wazi mkononi mwake. Wengine wangemwambia mwanamke yule aangalie masweta yake. Yeye hakusema hivyo. Alichukua uzi wa hospitali, akafunga fundo moja kwenye ukingo wa juu, upande wa kuelekea kifuani, ili hata baada ya mvuke mkono wake usisahau. Kisha akaukata wavu mkubwa, wa kuzidi tundu kwa vidole vinne kila upande, akaingia ndani.

Alipolifungua tumbo aliuona wavu wa zamani. Pembeni ulikuwa umeshika vizuri, kushoto na kulia. Juu na chini ulikuwa umeng'oka, nyuzi zimeikata nyama, kama alivyosema mfumaji. Utumbo ulikuwa umevimba, lakini bado ulikuwa mwekundu. Akautoa, akauosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akaungoja mpaka rangi yake ikatulia, akaurudisha. Akautandika wavu mpya, fundo juu. Alishona kwa saa tatu, nesi akimpangusa jasho, na taa ilipozimika aliendelea kwa tochi mbili.

Gaudensi akaamka. Akaomba maji, akanyimwa. Rustika alilia hapo, si kabla.

Sasa sikilizeni ya Lukelo. Aliporudi Itambo alikwenda moja kwa moja jukwaani. Akaing'oa mipini yote miwili ya msumeno, akaificha mahali ambapo mpaka leo hajamwambia mtu. Gaudensi alirudi nyumbani. Mwezi wa kwanza akalala. Mwezi wa pili akauliza habari za kazi. Lukelo akasema mipini imepotea. Wapasuaji wengine walimfuata Lukelo mara mbili, wakamwambia mwenzake ameisha, aje awe wa chini kwao, shule inaezekwa. Lukelo akasema yeye ana wa juu wake. Akaenda kupasua mawe ya daraja la mto, peke yake, na jioni alilima shamba la Gaudensi, kwa sababu mgonjwa halimi na Rustika alikuwa na mtoto mgongoni. Alikonda. Gunia la mlango wake lilikuwa limechanika kwenye machela, kwa hiyo mvua ilimwingilia ndani, naye akahamishia kitanda kwenye kona.

Mwezi wa tatu Gaudensi alichoka. Alimwambia kwamba tabibu alisema miezi mitatu, na miezi mitatu imetimia. Lukelo akajibu kwamba tabibu alisema miezi mitatu kwa tumbo lililopasuliwa mara moja, na hili limepasuliwa mara mbili. Wakagombana. Siku tisa Gaudensi hakumsalimia. Siku tisa Lukelo alikuja kulima, akamaliza, akaondoka.

Mwezi wa tano Gaudensi alikwenda kwa Nyagawa, akalala, akabonywa, akakohoa. Akaambiwa ainame, akainama. Akaambiwa ajinyooshe, akajinyoosha. Wavu ukakubali, ukarudi. Nyagawa akamwambia nenda kazini. Kesho yake mipini ilipatikana.

Wa juu anavuta, wa chini anaachia. Wa chini anavuta, wa juu anaachia. Walipasua polepole, kama watu wanaofundishana. Ulipodondoka ubao wa kwanza, ulikuwa wa mkaratusi, mrefu kuliko mtu, mpana, mnyoofu, hauna fundo hata moja.

Ubao huo ungempa Lukelo mlango. Ungempa Eusebia kitanda cha mama yake, ambaye mguu wake uliunga vibaya na hawezi tena kulala chini. Ungeipa hospitali benchi, na ndilo alilolitaka Nyagawa, wala hakutaka kitu cha nyumbani kwake. Na nyumbani kwa Gaudensi unga ulikuwa umebaki wa siku mbili, na mbao nyingine hazitaondoka jukwaani mpaka huu uondoke.

Basi Gaudensi akawaita wote watatu, wakaja uani kwake, na watu wa Itambo wakaja kutazama. Rustika aliwasalimia kamwene, salamu ya kwao, mmoja mmoja, akawapa ulanzi, pombe ya mianzi, ule wa asubuhi ambao bado ni mtamu. Ubao ukalazwa juu ya vigogo viwili. Desturi inataka kila mmoja aseme lake, basi wakasema.

Tabibu Nyagawa alisema kwamba wavu haujishoni. Alisema alikuwa na ruhusa ya kumpeleka mgonjwa mbele, hospitali kubwa, na kunawa mikono, na hakuna ambaye angemlaumu, lakini aliingiza mkono wake mahali ambapo mtu angeweza kufa chini yake. "Mtu huyu anapumua kwa sababu ya mikono hii," akasema, akaiangalia mikono yake kama ni ya mtu mwingine.

Lukelo alisema kwamba tabibu alishona kwa saa tatu, lakini nyama iliota kwa miezi mitano, na miezi mitano hiyo aliilinda nani. "Wavu ungeng'oka mara ya pili kama ulivyong'oka mara ya kwanza. Huyu mtu ningemwachia asubuhi moja tu, angepanda juu ya gogo. Mnamjua."

Watu wakacheka, maana walimjua.

Eusebia hakutaka kusema. Rustika akamgusa bega. Ndipo akasema kwamba mkono wa daktari ulikuwa mzuri mara ya kwanza pia, na wavu uling'oka. Na subira ya Lukelo ingekuwa subira ya bure kama wavu ungelala vile vile. "Mimi nilisema maneno kidogo tu," akasema. "Lakini ndiyo yaliyougeuza wavu."

Gaudensi alisikiliza. Kisha akafanya linalofuata katika desturi. Aliinua ncha moja ya ubao, akawauliza kama mababa zake walivyouliza: "Nani ana deni na ubao huu? Aseme kabla haujabebwa." Deni ni kosa lolote lililochangia ugonjwa. Kwa kawaida watu hunyamaza, ubao unabebwa, watu wanakunywa.

Siku ile tabibu Nyagawa alisogea mbele. Alisema kwamba wavu wa kwanza ulikuwa mdogo, na alijua ni mdogo. Aliugawa kwa watu wawili, na vidole vinne vikawa viwili. Akamwonyesha bibi mbeba kuni, aliyekuwa amesimama pale kati ya watu na mzigo wake kichwani, mzima kabisa. "Nusu yako ndiyo iliyomponya huyu, Gaudensi. Ningerudishwa siku ile, sijui kama nisingeukata tena." Akaurudisha mkono wake nyuma.

Lukelo aliinama. Alisema kila mtu anajua nani alikwenda na ndizi wiki ya tatu, na nani alisema habari za mzazi wa mapacha. "Niliificha mipini kwa sababu nilijiogopa mimi, si wewe." Naye akausukuma ubao kidogo, kwa vidole viwili.

Wote wakamwangalia Eusebia, kwa sababu, kwa walivyojua wao, Eusebia hakuwa na deni. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake, anaikunja na kuikunjua. Tabibu alikuwa amesema yake na Lukelo amesema yake, na ubao ulikuwa umebaki kwake. Angenyamaza tu, ungebebwa mpaka kwa mama yake.

"Niliona mara ya kwanza," akasema.

Gaudensi hakuelewa.

"Ule wavu wa kwanza. Daktari alipoukata, mimi nilikuwa sakafuni pale. Niliona atautandika kwa upande unaokataa. Nikajiambia, mimi ni mfumaji, nimeishia darasa la saba, nitamfundisha nini daktari? Nikanyamaza. Nilifuma mkono mzima wa sweta nikiwa nimenyamaza." Akanyanyua macho. "Walipokuleta kwenye machela nilikujua."

Nyagawa alikuwa wa kwanza kusema, na alimwambia Eusebia, si watu, kwamba hata angesema siku ile, hajui kama angemsikiliza. Eusebia akajibu kwamba hilo sasa hawatalijua, yeye wala daktari.

Rustika, aliyekuwa amesimama na kata ya ulanzi mkononi, akawatazama wote watatu. Akasema, "Basi ni hivi. Watatu hawa waliniponyea mume, na watatu hawa hawa nusura waniulie mume." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu watoto wake jioni, ajue kama wote wameingia. Kisha akamgeukia Gaudensi, akamkumbusha kwamba unga ni wa siku mbili.

Asubuhi watu watatu walikuwa wameutaka ubao ule. Sasa hakuna aliyekuwa tayari kuunyooshea mkono. Gaudensi alikuwa bado ameishika ile ncha moja. Ncha ya pili ilikuwa juu ya kigogo, inangoja bega.

Aliinama, akajinyoosha, na ubao ukapanda naye mpaka kifuani, na tumbo halikumuuma hata kidogo. Akamtazama aliyemshona. Akamtazama aliyemngoja. Akamtazama aliyeugeuza wavu. Ubao haukatwi, hauuzwi, haukai nyumbani kwake, na lazima jina litoke kinywani mwake yeye, mbele ya watu, kabla ulanzi haujawa mkali.

Mimi niliyesimuliwa sikuambiwa alimwita nani, na waliokuwepo kila mmoja anataja jina tofauti. Kwa hiyo nawaachieni ninyi ncha ile ya pili. Lukelo na mlango wake, Eusebia na kitanda cha mama yake, Nyagawa na benchi la wanaokaa sakafuni: je, kama tumbo lile lingekuwa lenu, na ubao uko mikononi mwenu, mngemwita nani aje aubebe?